Daftari la Wanyoike

Ziwa lote lile liko pale chini ya barabara
na mimi, fundi wa friji wa Migosi,
nanunua chumvi kwa ndoo.
Majirani walishachoka kucheka.
Nina bahari ya lita mia mbili na arubaini
kati ya kabati la vyombo na picha ya harusi ya mama.

Kilikuja kwa gari la vifurushi kutoka Nakuru,
kipande sawa na ukucha wa kidole gumba,
kimebandikwa kwa gundi juu ya kigae,
ndani ya mfuko wa maji uliofungwa mara tatu.
Na karatasi. Karatasi ilikuwa kubwa kuliko tumbawe.
"Alfajiri ya Menengai," aliandika Daktari Wanyoike,
"mwana wa Alfajiri ya kwanza, iliyo kwangu,
iliyokatwa kwa Shela la Harusi la Bi Gulamani wa Lanet,
lililokatwa kwa tumbawe la mgeni mmoja aliyehama
bila kusema alilipata wapi."
Hapo ukoo unakatika, kama koo zote,
kwenye mtu aliyehama.

Wanyoike ni daktari wa meno.
Matumbawe huyakata kwa keekee ya zamani ya kliniki,
na daftari lake hana mzaha nalo:
lenye jina, elfu saba;
lisilo na jina, elfu moja, na usimwambie ni rangi ileile.
"Ukilibadili jina, Obuya, umeuza jiwe."

Nilicheka, lakini nilimwelewa.
Mimi mwenyewe nilipozaliwa nililia siku tatu.
Wakaniita Ogweno, nikalia.
Wakaniita Nyangweso, nikazidi.
Mtu fulani mlangoni, na haraka zake, akasema Obuya,
yule muuza baiskeli aliyefia Maseno,
nikanyamaza, nikanyonya.
Kwa hiyo jina langu ni mtumba:
limevaliwa, limefuliwa, limenikaa.

Tumbawe lilijifunga.
Siku ya kwanza, nikasema ni uchovu wa safari.
Ya tano nikapima chumvi.
Ya nane nikapunguza taa, nikabadili maji ndoo mbili.
Nikaliita Alfajiri, kwa adabu, jina kamili na Menengai yake.
Ngumi.
Ya kumi na moja, saa nane usiku, stima ikapotea.
Nikakaa gizani na kipampu cha betri kikikohoa hewa majini,
na bila kukusudia nikamtaja dada yangu:
Apondi, aliyezaliwa mama akiwa mafichoni,
Apondi, tuliyemzika kabla ya meno ya juu kuota.
Asubuhi vidole vyote vilikuwa nje,
vya kijani, ncha za chungwa, vikipapasa maji.

Najua. Kiwango cha chokaa kilikuwa kimetulia.
Namba niliziandika, ninazo.

Mwaka wa pili hita ya Wanyoike ikagoma kuzima
naye yuko harusini Naivasha.
Akapiga simu, sauti nyembamba:
"Mama amekufa. Tangi zima ni supu."
Mama.
Hapo ndipo nilipokwama,
kwa maana langu si mtoto wa yule. Ni yule.
Ni mkono uliokatwa ukaota mwili mzima
na kuendelea na shughuli zake.
Kwetu wafu tunawaita majina ili warudi.
Hili halikuwa limekwenda popote.

Nikakata kipande, sawa na ukucha,
nikakifunga mara tatu, nikakipeleka mwenyewe.
Akaandika: Alfajiri ya Menengai. Imerudi. Kupitia Obuya, Migosi.
Kalamu ikangoja juu ya mstari.
"Kuna la kuongeza?"
Nikamwambia chumvi, nikamwambia joto,
nikanywa chai yake, nikarudi Kisumu.

Jana amepiga tena.
Siku ya kumi na moja, anasema, na bado ni ngumi.
"Umepima kila kitu?"
"Kila kitu, mara mbili."
Nyuma yake nilisikia pampu zikikoroma.
"Daktari," nikasema,
"kalamu unayo karibu?"